Neno Nililolikosea Mahakamani

Wambui, mkalimani niliyemfundisha, ameniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ukalimani mahakamani, ili vijana wanaoingia sasa wasome kabla hawajala kiapo. Nimestaafu mwezi uliopita. Nimerudisha kitambulisho, ufunguo wa kabati, na visikizi ambavyo waya wake niliufunga utepe mweusi mara nne kwa mkono wangu. Vyeo sina vya kuwaeleza, maana katika kazi hii havipo: unaingia mkalimani, unatoka mkalimani. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na kesi moja niliyoiharibu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipofika Maryland kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza wakinisimulia vita nisivyovijua. Tulikaa Langley Park, ghorofa ya pili, na juu yetu alikaa mzee mmoja wa Kitanzania, Mzee Shomari. Siku moja mwenye nyumba wake alimwita mahakamani, naye mzee akaniomba nimsindikize. Tukiwa pale ukumbini nje, nilikuwa namweleza karatasi moja baada ya nyingine, na mama mmoja aliyekuwa akipanga wakalimani wa mahakama ile akasimama kunitazama. Akaniuliza kama nilikuwa nimesomea. Nikamwambia sijasomea, namsaidia jirani. Akanipa fomu.

Nilifanya mitihani, nikafeli wa kwanza, nikapita wa pili, nikaapishwa. Siku yangu ya kwanza nilipangiwa kesi za nyumba, na kwa bahati niliyoiona mbaya wakati ule, pembeni aliketi mtu wa kunikagua: Mmarekani mweusi mrefu, amefunga tai ya kipepeo, na daftari dogo juu ya goti. Nilidhani hajui Kiswahili. Nikajisemea, huyu atanikagua mavazi tu.

Mpangaji wa siku ile alikuwa dereva kutoka Dodoma. Mwenye nyumba alitaka atoke kwa sababu hakujibu hati iliyobandikwa mlangoni pake. Dereva akasema hati hakuiona, kwani ilibandikwa mlango wa jirani, naye jirani yuko likizo. Kisha akaongeza, "Na dari langu linalia, Mheshimiwa. Linanililia kichwani tangu mvua zianze."

Mimi nikamgeukia jaji nikasema kwa Kiingereza, "Anasema hati hakuipata, na pia dari linavuja, tafadhali."

Jaji akanitazama juu ya miwani. "Nani anasema?"

"Huyu, Mheshimiwa."

"Mimi nataka kumsikia yeye, mama. Si habari zake."

Tulipotoka, yule mtu wa tai akanifuata. Akanisalimu kwa Kiswahili kilichonyooka hata nikaona haya. "Bi Zuhura, hujambo? Naitwa Clarence. Ile 'tafadhali' ulimwazima mwenyewe?"

"Niliona haina madhara."

"Na dari lilikuwa linalia. Kwa nini umemfuta machozi?"

Akaniambia kwamba ukiwa kwenye kile kiti husemi "anasema." Unasema "mimi." Mimi sikuipata hati. Mimi dari langu linalia. Mtu akitukana, tukana. Akigugumia, gugumia. Akisema upuuzi, usimpangie uwe na maana. "Na usipoelewa," akasema, "inua mkono uombe ruhusa ya kuuliza. Jaji atakunja uso. Majaji wana uso wa kukunja, ndiyo kazi yake."

Mwalimu Clarence, hivyo ndivyo ninavyomwita mpaka leo, alizaliwa mjini Washington, akajifunza Kiswahili chuo kikuu, kisha akaenda kufundisha fizikia shule moja ya sekondari Morogoro. Alirudi na mke, na ngeli zote kichwani. Alinisahihisha upatanisho wa sarufi hadharani, Mmarekani akimsahihisha mtu wa Tanga, na kibaya zaidi alikuwa sahihi. Nilimkasirikia kwa muda wa wiki mbili hivi. Baada ya hapo tukawa tunakula chakula cha mchana pamoja kila tulipopangiwa jengo moja, yeye na mkate wake wa samaki, mimi na wali wangu kwenye bakuli la plastiki.

Vifaa alivyonifundisha kutumia ni hivi, na sijaona bora zaidi. Daftari la kufungukia juu, si la kufungukia pembeni, maana karatasi zake hazipigi kelele. Penseli mbili, si kalamu, kalamu huishiwa wino mbele ya jaji. Viatu visivyolia sakafuni. Maji, lakini kidogo kidogo, kwa sababu mashahidi wengine wana maneno mengi na choo kiko mbali. Na ukimaliza kesi unachana kurasa zako na kuziweka kwenye pipa la karatasi za siri. Hubaki na kitu cha mtu.

Jambo ambalo vitabu havikunifundisha ni kwamba Viswahili vya eneo hili ni vingi. Katika jengo moja unaweza kumhudumia asubuhi Mkenya wa Kiambu, saa nne mtu wa Pemba, mchana Mkongo wa Bukavu anayechanganya Kifaransa. Mapema kabisa katika kazi yangu nilikwenda Manassas, jimbo jirani la Virginia, kwenye kesi ya ndugu wawili wa Kikenya waliogombania ardhi aliyowaachia baba yao huko kwao. Kaka alisema "shamba letu," mimi nikasema kwa Kiingereza neno la mahali pa kulima na kufugia. Wakili wa dada akainuka akauliza kuna ng'ombe wangapi. Kaka akashangaa: "Ng'ombe? Ile ni shamba ya kujenga, iko hapo tu karibu na stage," yaani kituo cha magari. Niliinua mkono nikaomba kujisahihisha, nikaeleza kwamba kwa wenzetu wa Kenya shamba ni ardhi yoyote, hata isiyo na jani. Dada mtu, aliyekulia kulekule Virginia na ambaye muda wote alijibu kwa Kiingereza ingawa alielewa kila kitu, akacheka kwa sauti. Kaka naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wacheke pamoja tangu msiba, alivyoniambia karani. Waliendelea kugombana, lakini kwa adabu.

Nilijivunia siku ile. Kosa lilirekebishwa papo hapo, hakuna aliyeumia. Miaka ikapita, nikazoea. Nikawa mimi ndiye ninayetumwa kukaa pembeni kuwakagua wapya, akiwemo Wambui. Na niseme ukweli, kadiri nilivyozoea ndivyo nilivyopunguza kuinua mkono. Karani mmoja aliwahi kunisifu kwamba nikiwepo mimi kesi haikwami. Nililipenda neno lile kuliko lilivyostahili.

Ndipo ikaja kesi ya Furaha.

Furaha alikuwa nesi Bukavu kwa miaka kumi na miwili. Hapa Maryland alianza upya, akasomea uuguzi msaidizi, akapita. Akaomba nafasi kwenye makazi fulani ya wazee, akafanyiwa usaili mara mbili akiwa na mtu wa kumtafsiria, akapewa barua: ameajiriwa kusimamia wasaidizi kwenye wodi ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Aliacha kazi aliyokuwa nayo. Wiki moja kabla ya kuanza, afisa wa ajira wa pale alimwita ofisini, akazungumza naye kwa Kiingereza, akampa karatasi atie saini. Alitia, akidhani ni ya kuthibitisha kwamba amepokea ratiba. Siku ya kuanza kazi alifika na sare yake mpya, akaambiwa jina lake halipo. Karatasi aliyotia saini ilisema kwamba amejiondoa mwenyewe. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Wakili wake, binti mdogo wa shirika la msaada wa sheria, alifungua kesi akisema Furaha hakujiondoa. Waajiri wakajibu kwamba afisa alimweleza yote na yeye akaelewa. Kesi nzima ilisimama juu ya hapo: alielewa au hakuelewa?

Nilikuwa kwenye kiti cha mkalimani, Furaha kwenye kiti cha shahidi karibu nami. Mama mnene mfupi, nywele amezisuka kwa nyuzi, mikono ameiweka mapajani kama mtu anayesubiri kupimwa damu. Nje walikuwa wakichimba barabara, madirisha yakitetemeka. Ilikuwa inakaribia saa sita na jaji alikuwa na kesi nyingine baada ya chakula. Jaji huyu alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiyependa kupoteza muda.

Wakili wa waajiri akauliza, "Afisa alipokueleza kwamba ukitia saini unaiachia nafasi, ulielewa?"

Nikalitafsiri swali. Furaha akajibu, "Ndiyo, nilisikia, alikuwa anasema."

Wenzangu, kwetu Tanga mtu akikuuliza "Wasikia Kiingereza?" hakuulizi habari za masikio. Anauliza kama unakifahamu. Mama yangu alipomaliza kunigombeza alikuwa akisema "Umesikia?" na aliyejibu kwamba sauti imefika alipigwa. Neno lile lilinipita kinywani bila kugusa akili. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujiamini, "Ndiyo, nilielewa alichokuwa anasema."

Wakili wa waajiri akasema hana swali zaidi. Akaketi haraka, kama mtu aliyeokota kitu na hataki mwenyewe ageuke.

Jaji alitoa uamuzi baada ya chakula. Alisema anamhurumia mdai, lakini mdai mwenyewe ametamka mbele ya mahakama kwamba alielezwa na akaelewa, na mahakama haiwezi kwenda kinyume na maneno yake mwenyewe. Kesi ikatupwa. Nilikuwa nimeinama sikioni pa Furaha nikimtafsiria polepole: "Wewe mwenyewe ulisema kwamba ulielewa."

Furaha akageuka akanitazama. "Nani alisema?"

Nikalisema na hilo kwa Kiingereza, kama kazi inavyotaka. Jaji alikuwa ameshainuka, mlango wa nyuma unafungwa. Nilimwona Furaha anatoka na wakili wake, akiwa bado anageuka nyuma, nikadhani ni mtu aliyebanwa na maneno yake anakana. Nimewaona wengi. Nikachana kurasa zangu nikaenda kupanda basi.

Zilipita kama wiki tatu. Jumamosi asubuhi nilikuwa dukani Langley Park nanunua ndizi za kupika. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa dada mmoja Mkongo akiongea na simu, akimsimulia mtu jinsi daktari wa meno alivyomweleza jambo. Akasema, "Nilimusikia, alikuwa anasema, anasema, lakini sikushika kitu."

Nilisimama na ndizi zangu. Muuzaji, Msalvador, aliniita mara mbili. *Nilisikia, alikuwa anasema.* Ni maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Na Furaha hakuwa amemaliza, sasa nilikumbuka vizuri, alikuwa amevuta pumzi ili aongeze, na mimi nikawa nimeshafunga sentensi yake kwa Kiingereza na wakili ameshaketi. Nikakumbuka pia lile "Nani alisema?" Hakuwa anakana. Alikuwa anauliza, kwa kweli kabisa, nani aliyesema jambo lile. Aliyelisema ni mimi.

Siku tatu sikumwambia mtu. Nilijipa sababu zote mnazozifikiria. Pengine hata angemalizia sentensi bado angeshindwa. Pengine karatasi yenye saini ingetosha. Nina miaka mingi ya kazi, nikisema nimekosea hili, wataniuliza mengine mangapi. Siku ya nne nikapanda treni kwenda Arlington, kwa Mwalimu Clarence. Alikuwa ameshastaafu, goti linamsumbua, mkewe amelala ndani na mafua. Alinikaribisha chai ya tangawizi aliyoipika mwenyewe, kali mno.

Nilimweleza yote bila kutaja jina la mtu.

"Ulimuuliza anakusudia nini?" akasema.

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inakaribia saa sita."

Akanitazama. Nikasema, "Na kwa sababu nilikuwa na hakika."

"Ahaa." Akasukuma sukari upande wangu. "Mimi niliwahi kuwa na hakika. Kesi ya mtoto. Nilijua baadaye, na sikuandika barua."

"Ikawaje?"

"Haikuwa kitu. Waliamua kwa mambo mengine kabisa, neno langu halikuhusika." Akasugua goti. "Lakini mimi sikulijua hilo wakati naamua kunyamaza, Bi Zuhura. Ndilo linalonisumbua."

Katika miaka yote hakuwa ameniambia hilo. Nikamwuliza barua iandikwe vipi. Akanipa karatasi, akaanza kunisomea maneno, kisha akaacha. "Andika kama ulivyonieleza mimi. Usiweke 'tafadhali.'" Tukacheka wote wawili, nami huku machozi yananitoka.

Barua niliiandika pale mezani kwake, ukurasa mmoja. Nilieleza neno lililosemwa, neno nililolisema mimi, na kwamba hayalingani. Nikaomba mahakama isikilize rekodi ya sauti ya siku ile, maana kwetu kila kinachosemwa chumbani hurekodiwa, Kiswahili na Kiingereza. Kesho yake asubuhi nikaipeleka kwa mkono.

Yule mama mpangaji wa wakalimani, ambaye sasa alikuwa na mvi, aliisoma mbele yangu. "Unajua nitakachotakiwa kufanya?" akaniuliza.

"Najua."

Akanitoa kwenye orodha siku ileile, mpaka uchunguzi uishe. Nakala za barua zilipelekwa kwa mawakili wa pande zote mbili. Wakili wa waajiri aliandika kwamba huwezi kukalimani miezi na miaka kisha ukaamka asubuhi ukabadilisha ushahidi, na kama mkalimani huyu haaminiki leo basi hakuaminika kamwe. Nilisomewa barua ile kwenye simu. Sikuruhusiwa kujibu. Nilikaa nyumbani majira yote ya baridi. Nilipanga kabati la vyombo, nikalipangua, nikalipanga tena. Wakalimani wenzangu wawili waliacha kunipigia simu. Wambui hakuacha. Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa na mandazi yake magumu ya kununua, akaniambia habari za kazini bila kugusa kesi, kama sheria inavyotaka, ila mara moja tu aliponiambia, "Auntie, na mimi ningeogopa. Serious. Ningeogopa sana."

Kesi ilikwenda mahakama ya juu. Hoja haikuwa tena kazi ya Furaha, ilikuwa utaratibu: je, hukumu ikishatolewa, mkalimani akikiri kosa, linaweza kurekebishwa au basi limeshapita? Waajiri walisema limepita, Furaha alikuwa na wakili, wakili alipaswa kupinga palepale. Wakili wake akajibu kwamba hajui Kiswahili, na ndiyo maana mahakama ikaleta mkalimani.

Siku uamuzi ulipotoka nilikuwa nafua. Simu ikalia, ni Wambui, anapiga kelele kiasi kwamba ilinibidi niiweke mbali na sikio.

"Auntie! Wamei-reverse! Case inarudi chini!"

"Sema polepole, mwanangu."

"Wamesema hivi: mtu hawezi kufungwa na maneno ambayo hakuyasema. Wamesikiliza recording, wameita mtaalamu, akasema vile ulisema kwa barua. Kesi isikizwe upya!"

Nilikaa chini kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Baadaye niliusoma uamuzi wenyewe, kurasa kumi na tisa. Jina langu halimo, ninaitwa "mkalimani." Kuna mstari mmoja unaosema kwamba mahakama isingejua kosa hili kama mkalimani asingelisema, na kwamba ilikuwa wajibu wake kulisema mapema zaidi. Yote mawili ni kweli. Wiki hiyohiyo nilirudishwa kwenye orodha, na barua ya onyo kwenye faili langu, nayo nadhani ipo hadi leo, msije mkasema sikuwaambia.

Kesi iliposikilizwa upya jaji alikuwa yuleyule. Mkalimani alikuwa Wambui. Mimi niliketi viti vya nyuma, vya watu wote, mahali ambapo sikuwahi kukaa hata siku moja. Kutoka kule nyuma unaona visogo tu. Nilikiona kisogo cha Furaha, amesuka upya.

Wakili wa waajiri akauliza swali lilelile. Nadhani alitaka kuona kama jibu litabadilika. Furaha akajibu, "Nilisikia, alikuwa anasema."

Wambui akainua mkono. "Mheshimiwa, mkalimani anaomba ruhusa amuulize shahidi maana ya neno moja."

Jaji hakukunja uso. "Ruhusa imetolewa."

Wambui akauliza. Furaha akamgeukia jaji mwenyewe, akaongea taratibu, akimpa nafasi kila baada ya maneno machache: "Nilimusikia na masikio. Kama vile unasikia redio ya jirani kupitia ukuta. Unajua mutu anasema. Haujui anasema nini. Nilimuuliza, ni ratiba? Akatingisha kichwa ndiyo. Nikatia saini."

"Kwa nini hukusema hivyo mara ya kwanza?" jaji akauliza.

"Nilikuwa nataka kusema. Walikuwa wamekwisha maliza."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwita yule afisa wa ajira, kijana aliyevaa suti kubwa kuliko yeye, akamwuliza kama ni kweli Furaha aliuliza habari ya ratiba. Kijana akasema hakumbuki. Jaji akamwuliza tena. Akasema inawezekana. Akamwuliza alitingisha kichwa? Kijana akatazama meza ya mawakili wake, akasema, "Nadhani nilitingisha. Nilikuwa na watu wengi siku ile."

Sikumchukia. Nilijua jinsi siku yenye watu wengi inavyomfanya mtu.

Kabla jaji hajaamua, mawakili wa waajiri waliomba mapumziko. Walirudi baada ya saa moja na makubaliano: Furaha apewe nafasi aliyoahidiwa, kwenye wodi ileile, na karatasi ile ifutwe kwenye faili lake. Jaji akayasoma, akayagonga muhuri, akamwambia Furaha, "Nakutakia kazi njema." Wambui akalitafsiri. Furaha akasema, "Merci, Maman Juge," na Wambui, mwanafunzi wangu, akalisema kama lilivyo, "Asante, Mama Jaji," pamoja na ule umama wake, hakulifanya "Mheshimiwa." Jaji alitabasamu mpaka masikioni.

Nilimsubiri Furaha ngazi za nje. Kesi ilikuwa imekwisha, sasa niliruhusiwa. Katika muda wote ule nilikuwa nimezungumza mamia ya maneno yake na sikuwahi kumwambia neno langu hata moja. Alitoka akiwa na wakili wake, akanitambua, akasimama.

"Mama," akasema, "njo weye uliandika ile barua?"

"Ni mimi. Na ni mimi niliyekosea neno lako. Nisamehe, Furaha. Nilikutia hasara ya mwaka mzima."

Akanitazama kwa makini, kama nesi anavyomtazama mgonjwa kabla ya kumwandika. Yule wakili, asiyejua tunasema nini, akarudi nyuma hatua moja kutupisha.

"Walikutosha kazi juu ya ile barua?"

"Walinitoa kwa miezi. Wamenirudisha."

"Na hakuna mutu alikuwa anajua? Kama haungesema?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa polepole. Akashuka ngazi moja ili tulingane urefu, maana mimi ni mfupi kumshinda hata yeye, akalishika begi langu upande mmoja kunipunguzia uzito.

"Mama, nitakuambia ya kweli," akasema. "Kama ingekuwa mimi, singesema."

"Hata mimi sikusema," nikamjibu. "Siku tatu."

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha tukashuka ngazi zilizobaki pamoja, begi katikati yetu, mpaka kituo cha basi, yeye akaniuliza njiani, nilipomwambia kwamba niliwahi kuwahudumia wazee, kama waliopoteza kumbukumbu huwa wanapenda kuimbiwa, na mimi nikamwambia wanapenda, lakini asianze na nyimbo za huzuni.